Tyubu ya Baiskeli Chini ya Dawati

"Mama Hamza, mwanao leo kanipigia mateke dawati mpaka daftari za wenzake zimemwagika!" Mwalimu alinipokea hivyo getini, wazazi wenzangu wanasikia. Hamza ana usonji. Yuko darasa la pili, shule ya serikali hapa Dar, wanabanana watatu dawati moja, na miguu yake haitulii.

Haya, hatua zenyewe za kuituliza miguu hiyo. Ya kwanza: mtafute mtaalamu wa tiba kazi, si jirani anayesema mtoto ataacha akikua. Ya pili... ngojeni kwanza niwaseme wauzaji wa Instagram. Mmoja alitaka kuniuzia kizibao chenye vyuma vya uzito, eti "kinatuliza usonji", kwa bei ya kununulia sare za ukoo mzima. Nikamuuliza kinatulizaje, akanijibu kwa emoji ya moyo. Vizibao hivyo vimefanyiwa utafiti, na ushahidi wa kwamba vinasaidia darasani ni hafifu.

Aliyetusaidia ni dada mtaalamu wa tiba kazi, aliyesomea KCMC, Moshi. Alikaa nyuma ya darasa hadi mapumziko, akimwangalia tu. "Mama, huo si utundu," akaniambia. "Misuli na viungo vyake vinatafuta kitu cha kusukuma." Kisha akanituma kwa fundi baiskeli.

Basi hatua ya pili ndiyo hii: chukua tyubu mbovu ya baiskeli, kata ile sehemu ya valvu uitupe. Osha kwa sabuni nje na ndani, maana ndani kuna unga mweupe, halafu ianike mpaka harufu ya mpira iishe. Usiruke hapo: Hamza aliinusa tu, akagoma kukaa. Ifunge kutoka mguu wa mbele wa dawati upande huu hadi wa upande ule, juu kidogo ya vifundo vya miguu ya mtoto. Ikilegea, atajikwaa akiinuka. Ikikaza mno, dawati litatikisika kama zamani. Akiisukuma ivutike, akiachia irudi. Fundo lifiche nyuma ya mguu wa dawati, kwani mwanangu akiliona fundo lazima alifungue.

Wiki hiyohiyo akaanza kumaliza kunakili kazi ya ubaoni. Wenzake wawili nao wanasukuma, na mmoja kalia alipohamishwa dawati. Mwalimu yuleyule sasa ananiagiza tyubu za darasa zima. Hatua ya tatu ningewapa, ila fundi kashtukia biashara: tyubu mbovu aliyokuwa akinipa bure sasa anaiuza shilingi elfu moja, na haoni haya.