Mvinyo wa Bei ya Chini: Uliza Punguzo Limetoka Wapi

Zipo nyakati ambapo mvinyo wa Dodoma hufika Morogoro kwa bei inayomshangaza mnunuzi. Chupa iliyozoeleka kwa bei fulani hutolewa kwa nusu yake, na muuzaji hueleza sababu kwa maneno machache: zabibu zimezidi mwaka huu. Maelezo hayo yanaweza kuwa ya kweli. Yanaweza pia kutumika kuficha bidhaa iliyokwepa kodi, iliyoharibika au iliyochakachuliwa. Katika somo hili tunamsaidia mlaji wa Morogoro mjini na wa vijiji vya Milima ya Uluguru kutofautisha hali hizo kabla ya kutoa fedha yake.

Tuchukue mfano wa kamati ya harusi huko Kihonda. Michango imekusanywa kwa taabu na fungu la vinywaji ni dogo. Mtu mmoja anajitokeza na katoni 10 za mvinyo, kila katoni ikiwa na chupa 12, kwa shilingi 6,000 kwa chupa, wakati dukani chupa kama hiyo huuzwa shilingi 12,000. Mweka hazina anapiga hesabu na kuona kwamba kamati itaokoa shilingi 720,000. Je, alipe?

Kwa nini mvinyo huzidi

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mzabibu hudumu shambani miaka mingi, hivyo mkulima wa Hombolo au Chinangali hawezi kupunguza uzalishaji msimu huu na kuuongeza msimu ujao kama afanyavyo mkulima wa mahindi. Zabibu ikiiva haisubiri: isipopata mnunuzi ndani ya siku chache, huanza kunyauka na kuoza. Katika miaka ya karibuni wakulima wa Dodoma wamelalamika zaidi ya mara moja kwamba mazao yao yamekosa soko.

Viwanda navyo vina mipaka. Mchuzi wa zabibu huhifadhiwa katika matangi, na tangi lililojaa haliwezi kupokea mavuno mapya. Kiwanda chenye akiba kubwa huona heri kuuza kwa faida ndogo kuliko kukosa nafasi. Kwa hiyo punguzo la bei wakati wa ziada ya mazao ni jambo la kawaida katika biashara, na mlaji hana sababu ya kulikataa kwa kuwa tu ni punguzo.

Sehemu nne ambako bei hushuka

Mlaji anapoona bei ya chini, ajiulize imeshukia wapi. Majibu ni manne.

*Kwanza, shambani na kiwandani.* Malighafi imekuwa rahisi, au kiwanda kinaondoa akiba. Sheria ya kodi nayo huutoza mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimelimwa nchini ushuru wa bidhaa wa kiwango cha chini kuliko mvinyo mwingine. Hivyo mvinyo halali wa nyumbani unaweza kuwa nafuu kuliko ule wa kutoka nje bila udanganyifu wowote.

*Pili, dukani.* Muuzaji anaondoa bidhaa iliyokaa muda mrefu. Hili nalo ni halali, mradi bidhaa ingali nzima na mnunuzi hakufichwa umri wake.

*Tatu, kwenye kodi.* Bidhaa haikulipiwa ushuru. Muuzaji wa aina hii humshinda kwa bei mfanyabiashara mwaminifu, na mara nyingi bidhaa iliyokimbia kodi imekimbia pia ukaguzi wa ubora.

*Nne, ndani ya chupa.* Mvinyo umeongezwa maji, sukari, rangi au kilevi cha aina nyingine, kisha ukatiwa katika chupa zilizokwisha kutumika. Hapa anayelipia punguzo ni mlaji mwenyewe, kwa fedha yake na pengine kwa afya yake.

Mbili za kwanza ni biashara. Mbili za mwisho ni makosa. Kwa kuwa bei peke yake haiwezi kuonyesha tofauti, ni lazima kuikagua chupa.

Kagua kabla ya kulipa

1. *Stempu ya kodi.* Tangu Januari 2019, mvinyo ni miongoni mwa bidhaa zinazopaswa kubandikwa stempu ya kodi ya kielektroniki. Mwenye simu janja anaweza kuisoma kwa programu ya Hakiki Stempu ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), kisha alinganishe taarifa anazopata na chupa iliyo mbele yake. Stempu iliyochanika, iliyobanduliwa na kubandikwa upya, au yenye taarifa za kinywaji kingine ni sababu ya kutosha ya kuacha kununua.

2. *Alama ya ubora.* Tafuta alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Udogo wa mzalishaji si kisingizio, kwa kuwa wajasiriamali wadogo nao wana utaratibu wa kupata alama hiyo.

3. *Lebo.* Iwe na jina na mahali alipo mzalishaji, ujazo, kiwango cha kilevi na namba ya toleo. Nchini Australia, zabibu zilipozidi katika miaka ya 2000, mvinyo mwingi uliuzwa kwa bei ndogo katika chupa zisizo na jina la biashara. Hata hivyo, taarifa za msingi, kikiwamo kiwango cha kilevi, zilibaki kwenye chupa. Ziada ya mazao haiondoi wajibu wa kumweleza mnunuzi anachokunywa.

4. *Kizibo na ujazo.* Kizibo kilichosukumwa juu, kifuniko kilicholegea, au chupa za katoni moja zenye ujazo unaotofautiana ni dalili kwamba chupa zilifunguliwa au mvinyo ulipata joto kali.

5. *Risiti.* Dai risiti ya kielektroniki yenye jina la bidhaa na idadi. Kudai risiti ni haki yako na pia ni wajibu wako kisheria. Bila risiti, ni vigumu kuthibitisha ulinunua wapi.

Mvinyo unaopimwa kutoka kwenye dumu na kutiwa katika chupa za maji hauwezi kupita hata moja ya hatua hizi. Tunashauri usinunuliwe, hata kama anayeuuza ni jirani.

Piga hesabu kwa lita

Punguzo hupimwa kwa kulinganisha ujazo ulio sawa. Chupa ya mililita 750 kwa shilingi 12,000 ni sawa na shilingi 16,000 kwa lita. Boksi la lita 5 kwa shilingi 70,000 ni shilingi 14,000 kwa lita, na linaonekana nafuu. Lakini kaya ikinywa lita 3 na kumwaga 2 zilizochachuka, kila lita iliyonyweka imegharimu zaidi ya shilingi 23,000. Nunua kiasi utakachotumia.

Angalia pia bei ya zamani iliyofutwa kwa mstari. Ikiwa kibao kinasema "18,000 sasa 12,000", linganisha na maduka mengine mawili. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bei, ubora au asili ya bidhaa.

Joto na safari

Wengi huamini kwamba mvinyo wowote huwa bora kadiri unavyozeeka. Mvinyo wa bei ya kawaida hutengenezwa unywewe mapema, na joto huuharibu haraka. Katoni iliyosafiri katika buti la basi kutoka Dodoma, ikakaa juani Msamvu, kisha ikapandishwa kwa bodaboda hadi Kinole au Mgeta, inaweza kufika imeharibika ingawa ilitoka kiwandani ikiwa nzuri. Usinunue chupa zilizopangwa juani. Nyumbani, zihifadhi mahali penye giza na ubaridi, mbali na jiko na bati.

Mashapo kidogo chini ya mvinyo mwekundu si lazima yawe kasoro. Harufu kali ya siki, rangi ya kahawia katika mvinyo mweupe, au povu katika mvinyo usiotarajiwa kutoa povu ni dalili za kuharibika.

Ukiona tatizo

Rudi kwa muuzaji ukiwa na risiti na chupa. Asipokusikiliza, toa taarifa TBS, Tume ya Ushindani (FCC) au kwa afisa biashara au afisa afya wa halmashauri yako. Wakazi wa Mgeta wako chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Mvomero. Wa Kinole na Matombo, Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro.

Mtu akinywa kisha akaona ukungu machoni, akaumwa kichwa sana, akatapika au kupumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa aliyoinywea. Sumu ya methanoli haitambuliki kwa kuonja, na dalili zake huweza kuchelewa kwa saa nyingi.

Turudi Kihonda

Mweka hazina asilipe kwanza wala asikatae kwanza. Amwombe muuzaji chupa moja kutoka katoni atakayoichagua yeye mwenyewe, asome stempu na lebo, anunue hiyo moja kwa risiti, na kuifungua mbele ya wanakamati. Muuzaji mwaminifu hatachukizwa. Anayekataa risiti au kumharakisha mnunuzi amekwisha kutoa jibu.

Maswali ya kujipima

1. Taja sehemu nne ambako bei ya mvinyo huweza kushuka. Zipi ni halali?
2. Boksi la lita 3 kwa shilingi 45,000 na chupa ya mililita 750 kwa shilingi 10,500: kipi ni nafuu kwa lita?
3. Je, chupa uliyonunua mara ya mwisho ilikuwa na stempu? Ulipewa risiti?

Kumbuka: mvinyo, hata uwe wa bei gani, hauuzwi kwa mtu aliye chini ya umri wa miaka 18.