Jua Haki Zako: Pengo la hesabu si deni la mhasibu mchanga

Vijana wengi wa Kakamega waliosomea uhasibu, wawe ni wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, wa chuo cha Sigalagala au wale wanaojisomea mitihani ya KASNEB usiku baada ya kazi, hupata ajira ya kwanza mahali panaposhikwa fedha za watu wengine. Kampuni za udalali wa hisa ni miongoni mwa mahali hapo. Makao yake mengi yako Nairobi, lakini biashara yenyewe si ngeni huku kwetu: tangu Kampuni ya Sukari ya Mumias iingie Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2001, habari za hisa zimekuwa za nyumbani. Katika ofisi za namna hii kuna mazoea yanayowaumiza wanaoanza kazi. Fedha za wateja zikipungua, aliyeingiza malipo kwenye kompyuta, ambaye ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote, huambiwa pengo ni lake na litakatwa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Ninashikilia kwamba mara nyingi makato hayo ni kinyume cha sheria, hata kama aliyekatwa aliyakubali kwa maandishi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inataja mambo ambayo mwajiri anaweza kuyakatia mshahara. Upungufu wa fedha umo, lakini umefungwa kwa masharti. Kwanza, mkataba wako uwe umesema waziwazi kwamba umekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa fedha. Pili, upungufu uwe umetokana na uzembe wako au udanganyifu wako, si wa mtu mwingine. Kuhusu mali ya mwajiri iliyopotea au kuharibika, sheria inadai zaidi: ni lazima uwe umefanya kosa kwa makusudi, na kinachokatwa kiwe kiasi cha haki. Na hata makato yakiwa halali, yote kwa jumla hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara. Mhasibu wa ngazi ya chini ambaye kazi yake ni kuandika hesabu na kulinganisha daftari na taarifa ya benki hajakabidhiwa fedha kwa maana hiyo. Anaandika zilikopita, hazishiki yeye.

Inafaa kuangalia jinsi mapengo haya yanavyozaliwa. Mteja akiuza hisa Jumatatu, fedha zake hukamilika siku ya tatu ya kazi baada ya mauzo, yaani Alhamisi. Jumanne anapiga simu ana shida ya karo, na mkubwa anaamuru alipwe sasa hivi. Fedha hizo zinatoka wapi? Zinatoka katika akaunti ya pamoja ya wateja, maana yake ni za wateja wengine. Mauzo yakikwama, au hisa zikionekana hazikuwa za muuzaji, pengo limeshaingia, na jina lililobaki kwenye mfumo ni la kijana aliyebonyeza kitufe. Pengine hata hakubonyeza yeye, kwa kuwa ofisi nzima inatumia neno lake la siri. Hapo uzembe ni wa nani? Kanuni za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji zinamtaka dalali mwenyewe atenge fedha za wateja na za kampuni. Wajibu huo ni wa mwenye leseni, na hauwezi kuteremshwa hadi kwenye mshahara wa karani.

Mwajiri atasema, lakini ulitia sahihi kwamba utabeba hasara yoyote. Jibu liko katika kifungu cha 3: masharti ya Sheria hii ni ya chini kabisa, na makubaliano yoyote ya kuyaacha au kuyapunguza ni batili. Sahihi yako haiwezi kuhalalisha kilichokatazwa. Ndiyo maana ninawasihi wasomaji waisome hati ya mshahara mstari kwa mstari. Makato ya pengo mara nyingine huandikwa “mkopo wa mfanyakazi” au “malipo ya awali” ilhali hujakopa hata shilingi. Kifungu cha 20 kinakupa haki ya kuonyeshwa kila kato na sababu yake, kwa hiyo mstari huo wa uongo ni ushahidi wako. Itunze hati hiyo.

Pingamizi zito zaidi ni la wateja, na sitaki kulipita haraka. Nyaga Stockbrokers ilipowekwa chini ya msimamizi wa kisheria mwezi Machi 2008, walioumia walikuwa watu wa kawaida, na Hazina ya Fidia kwa Wawekezaji ina ukomo wa shilingi 50,000 kwa kila mmoja. Je, kumwekea mhasibu kinga si kuwaacha wateja hao uchi? La. Mwajiri anayeamini mfanyakazi ameiba ana njia: amshtaki polisi, amdai mahakamani, ampeleke kwenye kikao cha nidhamu. Asichoruhusiwa ni kuwa mlalamikaji, hakimu na mkusanya deni kwa wakati mmoja. Tena makato ya mshahara mdogo hayajazi pengo la mamilioni. Yanaficha chanzo chake tu, na mteja ndiye anayezidi kuhatarika.

Upande wa pili wa haki hii ni kukataa. Ukiambiwa urekebishe tarakimu ili daftari lifanane na benki, kumbuka kwamba mfanyakazi anayeghushi hesabu kwa nia ya kulaghai anatenda jinai yeye mwenyewe, na amri ya mkubwa haitamsafisha. Kifungu cha 44 kinamruhusu mwajiri kumfukuza anayekaidi amri halali. Amri ya kughushi si halali. Wala kulalamika kwa msingi si sababu ya haki ya kukuachisha kazi, kifungu cha 46 kinasema hivyo. Omba maagizo kwa barua pepe, na uandike tarehe na kiasi katika daftari lako. Usibebe nyumbani orodha za wateja, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 itakugeuka.

Walio katika kipindi cha majaribio huogopa zaidi, wakidhani hawana lolote. Kipindi hicho hakipaswi kuzidi miezi sita, na hakiongezwi bila ridhaa yako. Mwaka 2021, katika kesi iliyohusu Chuo Kikuu cha Mount Kenya, majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Leba waliamua kwamba kuwanyima wafanyakazi wa majaribio haki ya kusikilizwa kunapingana na Katiba. Kwa hiyo, kabla ya kufukuzwa kwa kosa, ni haki yako kuelezwa tuhuma kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mwenzako wa kazini.

Kwa anayehitaji msaada hapa Kakamega, aanzie kwa afisa wa leba wa kaunti. Kupeleka lalamiko hakuhitaji wakili. Kama mshahara wako haukuzidi shilingi 80,000 kwa mwezi, tangu 2018 mahakimu wa ngazi husika wamepewa mamlaka ya kusikiliza kesi za ajira, na huhitaji kuanzia Nairobi. Ukishinda kesi ya kuachishwa kazi isivyo haki, fidia yaweza kufika mishahara ya miezi 12. Lalamiko la kufukuzwa lipelekwe kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu. Kesi mahakamani ndani ya miaka mitatu. Nenda na mkataba, hati za mshahara na taarifa za benki. Kama hukupewa mkataba, nenda hivyo hivyo: mwajiri akishindwa kuutoa mahakamani, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa ni wake.