Unauza spea za dizeli mtandaoni? Jua ni zinki, shaba au chuma kabla hujataja bei

Leo naongea na wanaouza spea ndogo ndogo kwa simu: koki, fitingi, mabomba, wosha, matenki ya jenereta na ya mashine za kusaga. Mteja yupo mbali, hajashika mzigo, anaangalia picha tu. Na picha haimwambii kitu kinachoamua kama atarudi kununua au atarudi kudai hela yake: kifaa kimetengenezwa kwa metali gani.

Wengi tunaandika "imara, haishiki kutu". Kwenye dizeli hiyo haitoshi. Kuna kifaa hakishiki kutu kabisa, lakini kinaharibu mafuta yanayopita ndani yake. Twende moja moja.

1. ZINKI (galvanaizi)
Bomba la chuma lililopakwa zinki ni zuri kwa maji. Kwa dizeli usiliuze, wala tenki lake. Dizeli ikikaa muda mrefu inakuwa na asidi kidogo. Asidi ile inakula zinki na kutengeneza kitu kama sabuni. Sabuni hiyo inasafiri na mafuta, inaziba filta, na ikipenya inaganda kwenye nozeli. Mteja ataona injini inakosa nguvu, atabadilisha filta mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kumbe shida ni tenki jipya linalong'aa ulilomtumia wewe. Nati iliyopakwa zinki kwa nje tu haina neno. Tunaangalia upande unaogusa mafuta.

2. SHABA NYEKUNDU NA BRASI (shaba ya njano)
Hizi zinaharakisha mafuta kuzeeka. Dizeli inakolea rangi na kutoa uchafu kama gundi. Cha kuangalia ni mafuta yanakaa nayo muda gani na yanagusa eneo kubwa kiasi gani. Fitingi ndogo ya brasi ambayo mafuta yanapita tu kwenda kwenye injini utaikuta kwenye injini nyingi, uza. Wosha za shaba za kuzuia mafuta yasivuje nazo uza, ila mwambie mteja azibadilishe kila anapofungua. Lakini tenki la shaba, au bomba refu la shaba kwenye jenereta ya dharura inayokaa miezi bila kuwashwa, kataa. Tena bomba la shaba likitikiswa na injini kila siku linakakamaa na mwisho linapasuka.

Kama mteja anatumia dizeli ya mimea, kuwa mkali zaidi. Mwongozo wa Wizara ya Nishati ya Marekani kuhusu mafuta hayo unataja shaba, brasi, risasi na zinki kati ya metali zinazoharakisha kuharibika kwake. Alumini na chuma zinakubalika.

3. CHUMA
Dizeli na chuma wanaelewana. Adui wa chuma ni maji yanayojikusanya chini ya tenki. Ukiuza tenki la chuma, liwe na koki chini ya kutolea maji.

Na hapa naomba tusifanye utani: bomba linalotoka kwenye pampu kwenda kwenye nozeli ni la chuma maalumu la presha. Hata injini za zamani zinapita bar 100, na za kisasa za komonreli nyingine zinafika bar 2,000. Mteja akiomba kipande cha shaba cha kuunga hapo, kataa hiyo oda. Dizeli ikichomoka kwa presha hiyo inatoboa ngozi na kuingia mwilini, na watu wamekatwa vidole na mikono kwa sababu hiyo.

4. ALUMINI NA STENLESI
Zote zinakaa vizuri na dizeli. Tahadhari ni kuchanganya. Ukifunga koki ya brasi chini ya tenki la alumini, mahali maji yanapotulia, zinafanya kazi kama betri na alumini ndiyo inayoliwa. Tenki la alumini mtafutie koki ya alumini.

UTAJUAJE ULICHONACHO DUKANI?
Chukua sumaku na tupa ndogo. Sumaku inanasa chuma, hata kilichopakwa zinki. Hainasi shaba, brasi wala alumini, na stenlesi nyingi hainasi. Kisha kwaruza kidogo sehemu iliyojificha. Vifaa vingi vinavyong'aa kama stenlesi ukikwaruza unakuta njano chini: hiyo ni brasi iliyopakwa rangi ya fedha. Usimuuzie mtu kwa jina la stenlesi.

MASWALI MATATU KABLA YA BEI
- Kaka/dada, kinafungwa wapi: kwenye tenki, kati ya tenki na pampu, au kati ya pampu na nozeli?
- Mashine inafanya kazi kila siku au mafuta yanakaa muda mrefu?
- Kitaungana na kifaa cha metali gani?

Kisha tangazo lako liandike hivi: "Koki ya brasi, nusu inchi. Inafaa kati ya tenki la chuma na filta. Haifai tenki la alumini wala laini ya presha."

Utaogopa kwamba neno "haifai" litafukuza wateja. Litamfukuza yule ambaye angekurudishia mzigo wiki ijayo. Fundi akisoma tangazo kama hilo anajua huyu muuzaji anaelewa anachouza, na fundi ndiye anayemwambia mwenye mashine anunue wapi.

Leo jioni chukua sumaku, pitia stoo yako, andika jina la metali kwenye kila boksi. Hifadhi post hii, mtumie na mwenzako anayeuza spea.