Shule Ikifungwa, Vitabu Vitembee



Somo letu la leo linawahusu hasa wana-vikundi wa Sori na vijiji vya ghuba ya Karungu, lakini hata ninyi wa mbali mnaweza kulitumia. Swali ni hili: ugonjwa ukifunga shule, kikundi cha kijiji kitafanya nini ili watoto wasisahau kusoma?

Tukumbuke yaliyotupata

Katikati ya Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, serikali ilifunga shule zote. Tulidhani ni majuma machache tu. Kumbe! Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirudi Oktoba 12, na wengine wote walingoja hadi Januari 4, 2021. Masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni, lakini nyumba isiyo na redio ilibaki nje. Mwaka huo huo maji ya ziwa yalipanda, na familia nyingi za ufuoni zikahama.

Mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anaunganisha silabi alizisahau. Mvulana aliyeonja pesa za omena, au za mashimo ya dhahabu kule Macalder, hakuona haja ya darasa tena. Wako pia wasichana waliopata mimba. Hatusemi kwamba kitabu kingezuia hayo yote. Lakini mtoto anayefikiwa kila juma na mtu mzima, akaulizwa amesoma nini, huyo hajaachwa peke yake.

Basi tufanye nini? Wakati wa maradhi hatuwezi kuwakusanya watoto penye vitabu. Tuvipeleke vitabu waliko watoto. Jambo hili si geni Kenya: mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ilianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia. Sisi hatuhitaji ngamia. Mifuko inatosha.

Hatua ya 1: Jueni ugonjwa unavyosafiri

Muulizeni kwanza mhudumu wa afya ya jamii. Wakati korona ilipoanza, maktaba nyingi duniani zilitenga vitabu kwa siku kadhaa kabla ya kuviazimisha tena. Baadaye ilijulikana kwamba hatari kubwa ni hewa ya chumba kilichofungwa, si karatasi. Kwa hiyo watoto wasome nje, chini ya mti, wa nyumba moja pamoja. Kipindupindu ni kingine: hicho hupitia maji, chakula na mikono michafu. Hapo sabuni na maji safi ndiyo kwanza.

Hatua ya 2: Gawanyeni vitabu

Tuseme mna vitabu 60 na nyumba 12. Shoneni mifuko 12, hata ya gunia, na kila mmoja utiwe vitabu 5, vyepesi na vigumu. Kila Jumamosi mfuko uende nyumba inayofuata. Baada ya majuma 12 kila nyumba itakuwa imeviona vitabu vyote 60. Nyumba ikipata mgonjwa, mfuko wake ubaki hapo na nyumba hiyo irukwe hadi mhudumu wa afya aseme ni salama.

Mfuko ubebwe na mtu mzima. Msimtume msichana peke yake jioni.

Hatua ya 3: Vitabu vikiwa haba

Wako watu walioandaa hadithi za bure kwa watoto wa Afrika, kama African Storybook, na ziko za Kiswahili na za Dholuo. Mwenye simu ya intaneti azitafute, nanyi mchange pesa za kuzichapisha. Tena tunayo hazina yetu wenyewe. Zamani watoto walikaa siwindhe, nyumbani kwa nyanya, wakasikiliza sigana. Nyanya asimulie habari za Simbi Nyaima, kijiji kilichozama karibu na Kendu Bay, na mjukuu aandike katika daftari. Daftari hilo nalo litiwe mfukoni liende kwa jirani.

Hatua ya 4: Mzazi asiyejua kusoma

Mama, usijitenge kwa sababu hukwenda shule. Keti na mtoto, mwambie akusomee, kisha muulize: Ni nani? Alifanya nini? Kwa nini? Robo saa kila siku inatosha. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, wazazi waliagizwa kuwafundisha watoto nyumbani na njiani. Hawakuambiwa wangoje mwalimu.

Hatua ya 5: Daftari bila faini

Mwandishi wa kikundi aandike mfuko uko wapi na nani ameupokea. Kitabu kikichanika kibandikwe kwa gundi ya unga, na mtoto asipigwe wala asitozwe. Mzazi akiogopa faini, atavifungia vitabu sandukuni, na huko havitamfaa mtu.

Anzeni sasa

Msingoje ugonjwa mwingine. Mkijaribu likizo ya Agosti, mtajua ni mifuko gani inachelewa na ni nyumba gani inahitaji msaada. Mto Kuja ukifurika au kipindupindu kikizuka, mpango utakuwa tayari.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Mwaka 2020 ni watoto wangapi wa kijiji chetu hawakurudi shuleni? Wako wapi leo, na nani atawatembelea?
2. Tukihesabu vitabu vilivyo majumbani mwetu, kanisani na kwa walimu, ni vingapi?
3. Nani atabeba mfuko wa kwanza, na siku gani?

Msifunge mkutano kabla ya kujibu swali la tatu.