Mwacheni Afikiri kwa Kiswahili

Mwalimu, mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, elimu yangu niliishia darasa la saba. Mwanangu wa kiume yuko darasa la tano, shule ya serikali. Hesabu za kawaida anaziweza, ila zikija za maneno anababaika, na Kiingereza ndiyo kabisa. Baba yake kawaona watoto wa jirani wa "English medium" wanavyomwaga Kiingereza, akapiga marufuku Kiswahili wakati wa chakula cha usiku. Sasa mtoto anakula harakaharaka na kuondoka bila kusema neno. Jirani kanielekeza kwa mwalimu wa tuisheni. Nifanyeje, na mimi mwenyewe Kiingereza sikijui?
Mama wa Darasa la Tano

Binti yangu, nianze na hiyo marufuku, maana imenisikitisha. Iondoeni leo hii. Mezani ndipo mtoto anaposimulia ya shuleni, anapobishana na dada yake, anapouliza kwa nini mvua haikunyesha. Humo ndimo anamojifunza kujenga hoja, na nyie mmempokonya lugha pekee anayoweza kuitumia kwa kazi hiyo.

Hofu ya baba naielewa. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, kisha mtoto akiingia kidato cha kwanza, kuanzia Biolojia hadi Jiografia, karibu kila kitu kinageuka Kiingereza. Watafiti wa LOITASA, mradi wa lugha ya kufundishia ulioanza mwaka 2002, akiwemo Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walionyesha kwamba wanafunzi wa sekondari wakifundishwa somo lilelile kwa Kiswahili huelewa na kushiriki zaidi. Mimi nakubaliana nao kabisa. Ila mwanao hawezi kuisubiri sera ibadilike. Cha kumfaa ni hiki ambacho Jim Cummins wa Kanada amekuwa akikieleza tangu miaka ya 1970: uwezo wa kufikiri alioujenga mtoto katika lugha moja humsaidia katika lugha ya pili. Akishaweza kulinganisha, kutoa sababu na kugundua kosa kwa Kiswahili, huko kwingine atakuwa na deni la maneno na sarufi tu.

Basi kazi ya kumfundisha kufikiri ni yako, na Kiingereza hukihitaji hata kidogo. Jioni unapofunga kazi, mpe swali kama hili: fundi alikuwa na mita 10 za kitambaa, kila gauni linakula mita 2 na nusu, na tayari ameshashona magauni mawili. Kitambaa kilichobaki kinatosha magauni mangapi? Asiguse kalamu kwanza. Akusimulie kisa hicho kwa maneno yake: nani ana nini, kimetokea nini, tunatafuta nini. Watoto wengi wanaoshindwa hesabu za maneno hukimbilia namba wanazoziona na kuzigawanya au kuzizidisha, bila kujua swali limeuliza nini. Pengine atakujibu "manne". Usimwambie amekosa. Muulize, "Umejuaje?" Akianza kueleza atayakuta mwenyewe yale magauni mawili aliyoyaruka, na jibu atalirekebisha bila wewe kumsaidia. Swali hilo muulize hata akipatia, tena mara nyingi, la sivyo atazoea kwamba mama akiuliza hivyo basi kuna kosa, na ataanza kubahatisha jibu jingine.

Siku nyingine mpe fumbo la mtu mwenye chui, mbuzi na majani, anayetaka kuvuka mto kwa mtumbwi unaombeba yeye na kitu kimoja tu. Chui akibaki na mbuzi atamla, na mbuzi akibaki na majani atayamaliza. Una vifungo vya kila rangi kwenye kopo lako, vitumieni. Watoto hukwama palepale: hawaamini kwamba inaruhusiwa kumrudisha mbuzi ng'ambo aliyotoka. Mwache akwame. Ukimwonyesha mapema umemnyang'anya kitu kitamu.

Sasa Kiingereza. Kumbuka kwamba mwanao alianza shule kabla mtaala haujabadilishwa, na kwa utaratibu ule Kiingereza kilianza darasa la tatu. Wanaoanza sasa hukisoma tangu darasa la kwanza. Hajachelewa kama mnavyodhani. Robo saa kila siku itamfaa kuliko saa tatu za Jumamosi. African Storybook wana hadithi fupi za bure, nyingi zikiwa kwa Kiswahili na Kiingereza vilevile, na zinafunguka kwenye simu. Leo msome ya Kiswahili pamoja. Kesho akusomee hiyohiyo kwa Kiingereza. Wewe hadithi unaijua, kwa hiyo unaweza kumsimamisha na kumuuliza, "Hapa sungura kasemaje?" na utajua kama ameelewa au anatamka tu. Ubongo Kids nao, kipindi kilichoanzishwa hapahapa Tanzania mwaka 2014, kipo kwa lugha zote mbili, na hisabati imo. Chagueni hadithi rahisi kuliko darasa lake. Ukurasa wenye maneno mapya kumi unamkatisha tamaa.

Baba, kama Kiingereza anakifahamu, asiachwe nje. Mtoto akisema, "Yesterday I go to the shop," asimkatize kwa "Kosa!" Ajibu tu, "Oh, you went to the shop? What did you buy?" Mtoto amesikia usahihi wake na mazungumzo yameendelea. Akimwita dada yake "he", vilevile. Kiswahili hakitenganishi "he" na "she", na itamchukua muda mrefu kuzoea.

Kuhusu tuisheni, usilipe kabla ya kuona daftari la mtoto mwingine anayefundishwa hapo. Ukikuta kurasa za A, B, C, D na vyema vyekundu, bila sentensi hata moja aliyoitunga mtoto, hela hiyo nunulia Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI. Ukikuta watoto wanaandika insha fupi na kusahihishwa, mpeleke.

Na wiki hii nenda ukamwone mwalimu wake wa darasa. Muulize mtoto anakwama wapi hasa: hawezi kuyasoma maneno ya swali, au anayasoma vizuri asielewe? Muulize pia anakaa dawati la ngapi. Kama anakosea anaponakili ubaoni, au nyumbani anasogeza kitabu karibu na uso, mpeleke hospitali akapimwe macho kwanza, hayo mengine yatafuata.