Viumbe Wadogo wa Pwani na Joto la Bahari: Somo kwa Kamati za Miradi



Sharika za pwani zinapoibua miradi, mambo matatu hujitokeza mara kwa mara: kilimo cha mwani, upandaji wa mikoko, na maji safi pamoja na vyoo. Kila ombi hujadiliwa peke yake, kana kwamba halihusiani na mengine. Somo la robo hii linakusudia kuonyesha kwamba yote matatu yanagusa jambo moja, nalo ni maisha ya viumbe wadogo sana wanaoishi katika maji na matope ya pwani, na jinsi joto linaloongezeka linavyowabadilisha. Tukilielewa jambo hili tutapanga fedha kidogo tulizo nazo kwa busara zaidi.

1. Viumbe hawa ni akina nani?

Chota maji ya bahari ujaze kijiko kimoja cha chai. Kwa macho utaona maji matupu. Lakini katika kila mililita moja ya maji hayo kuna bakteria wapatao milioni 1, na virusi wengi kuliko hao. Wamo pia mwani wadogo wa seli moja ambao huonekana kwa hadubini tu.

Watu wengi wakisikia neno bakteria hufikiria ugonjwa. Hata hivyo, walio wengi hawana madhara, na bila wao bahari isingekuwa na uhai. Mwani wa seli moja hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, kama mahindi yanavyofanya shambani. Kwa pamoja, vijiumbe wa baharini hufanya karibu nusu ya kazi hiyo kwa dunia nzima. Dagaa hula vijiumbe na wadudu wadogo wa majini wanaowategemea, jodari hula samaki wadogo, na sisi hula wote. Wengine huozesha majani na mizoga na kurudisha rutuba majini.

2. Nini kinabadilika baharini?

Mabadiliko makubwa ni matatu.

Kwanza, joto. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalotokana na hewa ya ukaa na gesi nyingine limemezwa na bahari. Wataalamu wa Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi wanakadiria kuwa uso wa bahari umeongezeka joto kwa takriban nyuzi 0.9 tangu miaka ya 1850 hadi 1900. Kwa binadamu ni kidogo, lakini kwa kiumbe cha seli moja, ambacho hakina nguo wala kivuli, ni jambo kubwa.

Pili, tindikali. Takriban robo ya hewa ya ukaa tunayozalisha huyeyuka baharini na kuyafanya maji yawe na tindikali zaidi.

Tatu, mvua. Mvua kubwa za ghafla hushusha maji baridi, udongo na uchafu kutoka bara hadi kwenye midomo ya mito, na chumvi ya maji ya pwani hupungua kwa siku kadhaa.

3. Kaskazi, kusi na chakula cha samaki

Wavuvi wetu wanajua kwamba wakati wa kaskazi bahari hutulia na maji huwa ya moto, na wakati wa kusi upepo huvuma kwa nguvu na bahari huchafuka. Jambo hili lina maana kubwa kwa vijiumbe. Maji ya moto ni mepesi, hukaa juu kama mafuta juu ya mchuzi. Rutuba iko chini, kwenye maji ya baridi. Bila upepo wa kuyachanganya, mwani mdogo wa juu hukosa rutuba.

Bahari inapopata joto zaidi, tabaka hilo la juu huwa gumu kuvunjika. Mwani wenye umbo kubwa, ambao ni chakula kizuri cha samaki, hupungua, na wale wadogo kabisa wanaovumilia njaa huchukua nafasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ukiongozwa na mtaalamu wa India Roxy Mathew Koll, ulikadiria kuwa katika miongo 6 iliyotangulia mwani mdogo wa Bahari ya Hindi ya magharibi ulipungua kwa hadi asilimia 20 katika baadhi ya maeneo. Kwa hiyo, mvuvi anaporudi na kapu jepesi, si lazima sababu iwe ni nyavu haramu peke yake.

4. Matumbawe: nyumba na mpangaji wake

Tumbawe ni mnyama, na ndani ya mwili wake huishi mwani wa seli moja. Mwani hupata mahali salama pa kuishi, na tumbawe hupata sehemu kubwa ya chakula chake kutoka kwa mpangaji huyo. Rangi nzuri tunayoiona ni ya mpangaji.

Joto la maji likizidi kiwango cha kawaida cha msimu wa joto kwa nyuzi 1 tu kwa muda wa wiki kadhaa, ushirika huu huvunjika. Tumbawe humfukuza mpangaji, hubaki jeupe, na joto lisiposhuka hufa kwa njaa. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya Kenya, Tanzania na visiwa vya Bahari ya Hindi yaliathirika hivyo. Ilijirudia mwaka 2016, na Aprili 2024 wataalamu walitangaza tukio la nne la aina hiyo kwa dunia nzima. Matumbawe yakifa, samaki hukosa mazalio na ufukwe hukosa ukuta wa kuzuia mawimbi.

5. Mwani wa kina mama

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, katika vijiji vya mashariki mwa Unguja, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Wakulima walio wengi ni wanawake. Kwa familia nyingi hii ilikuwa mara ya kwanza kwa mama kushika fedha yake mwenyewe, akajenga nyumba na kulipa ada za shule.

Mbegu ni aina mbili kuu: spinosum, yenye bei ndogo, na cottonii, yenye bei nzuri zaidi. Tangu miaka ya 2000 cottonii imekuwa ikifa katika maeneo mengi ya maji mafupi, na wakulima wengi wamebaki na spinosum. Matawi hugeuka meupe, hulainika na kukatika, na mavuno huelea na kupotea.

Bakteria wanaohusika wapo baharini siku zote. Mwani wenye afya huwazuia. Lakini maji mafupi yakipata joto kali wakati wa maji kupwa, au mvua ikipunguza chumvi ghafla, mwani hudhoofika na bakteria hao hupata mlango wa kuingia. Ni sawa na mtu aliyedhoofishwa na njaa ambaye mafua madogo humlaza kitandani.

Tunaomba jambo hili lizingatiwe sana. Mama aliyerudisha kamba zake nyumbani na kuacha kulipa mkopo wa kikundi si mvivu, na semina ya ujasiriamali haitamponya mwani wake. Dkt. Flower Msuya wa Zanzibar, aliyefanya utafiti wa mwani kwa miaka mingi, amekuwa akihimiza kuhamia maji ya kina kirefu ambako joto halipandi sana. Lakini huko kunahitajika boti, maboya, na kujua kuogelea, na wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa kuogelea. Bajeti isiyo na vitu hivyo haijatatua tatizo.

6. Tope la mikoko

Anayeingia kwenye mikoko hukutana na harufu ya mayai viza. Harufu hiyo ni kazi ya bakteria. Chini kidogo ya uso wa tope hakuna hewa ya oksijeni, hivyo bakteria wa huko hutumia salfeti iliyomo kwenye maji ya chumvi kuozesha majani. Kazi yao huenda polepole sana, na kwa sababu hiyo kaboni hulundikana ardhini kwa mamia ya miaka. Kwa eneo lililo sawa, mikoko huhifadhi kaboni nyingi kuliko misitu mingi ya nchi kavu, na sehemu kubwa iko ndani ya tope.

Mikoko ikikatwa na tope likakauka, oksijeni huingia, uozeshaji huenda haraka, na hewa ya ukaa iliyofungiwa hutoka. Kwa mantiki hiyo, kulinda mkoko uliosimama ni bora kuliko kupanda miche kumi. Tanzania ina zaidi ya hekta 100,000 za mikoko, na eneo kubwa kuliko yote liko katika delta ya Rufiji. Huko Gazi nchini Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hifadhi ya kaboni tangu mwaka 2013, na mapato yamesaidia maji na shule za kijiji.

Aidha, mikoko yenyewe inaweza kufa. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilileta udongo mwingi katika Mkondo wa Mwache, Mombasa, ukafunika mizizi ya kupumulia na kuua mikoko mingi. Hivyo, kutunza mikoko huanzia kwenye mashamba ya bara ambayo udongo wake unamomonyoka.

7. Kipindupindu na bahari

Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, anaweza kuishi katika midomo ya mito, mahali maji ya chumvi na maji baridi yanapokutana, akiwa amejishikiza kwenye wadudu wadogo wa majini waitwao kopepodi. Mtaalamu wa Marekani Rita Colwell alitumia miaka mingi kulithibitisha jambo hili. Maji yakipata joto, bakteria huyu huongezeka. Mvua kubwa ikifuata, vyoo vifupi hufurika, visima huingiwa na uchafu, na ugonjwa hupata njia ya kufika jikoni. Katika mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015, wagonjwa walizidi 20,000 nchini.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu Zanzibar ulionyesha kwamba joto lilipopanda kwa nyuzi 1, wagonjwa waliongezeka mara mbili baada ya miezi 4. Mvua ilipoongezeka kwa milimita 200, wagonjwa waliongezeka mara 1.6 baada ya miezi 2. Takwimu hizi zinatisha, lakini pia ni msaada: zinatupa muda wa kujiandaa. Kamati inayosikia kuwa kaskazi ya mwaka huu ina joto kali inaweza kununua dawa ya kutibu maji na kukarabati vyoo kabla masika hayajafika.

Huko Bangladesh, Colwell na wenzake walionyesha mwaka 2003 kuwa kuchuja maji kwa kitambaa cha sari kilichokunjwa angalau mara 4 kulipunguza kipindupindu kwa asilimia 48, kwa kuwa kopepodi hunaswa kwenye kitambaa. Kitambaa hakichukui nafasi ya kuchemsha au kutia dawa, lakini ni bora kuliko kunywa maji yalivyo.

8. Tufanye nini katika kupanga miradi?

Tunapendekeza mpangilio ufuatao.

(a) Vyoo na visima vilivyoinuliwa vitangulie. Havipendezi kwenye picha kama miche ya mikoko, lakini ndivyo vinavyookoa maisha mwaka huohuo.

(b) Mikoko iliyopo ilindwe kwanza. Tukipanda, tupande aina inayofaa mahali panapofaa. Miche iliyowekwa mahali ambapo maji hayakauki kamwe hufa, na ripoti yetu hubaki na idadi ya miche iliyopandwa badala ya iliyo hai. Wafadhili wetu, tunawaomba mtuulize idadi ya miche iliyo hai baada ya miaka 3.

(c) Kila kikundi cha mwani kipewe kipimajoto na daftari. Joto la maji lipimwe wakati wa maji kupwa kwa msimu mzima kabla ya kuomba fedha za mbegu.

(d) Marejesho ya mikopo yazingatie misimu ya mwani kufa, ili maskini asitozwe faini kwa kosa la joto la bahari.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika kijiji chenu, ni visima vingapi hufurika wakati wa masika, na viko umbali gani na vyoo?
2. Wazee wanakumbuka nini kuhusu matumbawe na samaki kabla ya mwaka 1998?
3. Kama fedha zinatosha jambo moja tu mwaka huu, mtachagua lipi, na nani atakosa?

Swali la tatu lijibiwe na kina mama pia, siyo wazee wa kamati peke yao. Majibu yenu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao na kuletwa ofisi ya miradi kabla ya kupanga bajeti ya mwaka ujao.