Majaribio ya Vipashio katika Hati ya Uundaji wa Programu: Mafunzo Kutokana na Ant na JUnit

Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu alisikiapo neno "kipashio" hufikiria fonimu, mofimu au neno. Katika uhandisi wa programu za kompyuta, kipashio ni sehemu ndogo ya programu inayoweza kupimwa peke yake. Jaribio la kipashio ni msimbo unaoipa sehemu hiyo ingizo linalojulikana, kisha ukalinganisha tokeo na jibu linalotarajiwa. Makala haya yanaeleza jinsi majaribio hayo yanavyoendeshwa na hati ya uundaji, yaani faili inayoielekeza kompyuta hatua za kugeuza msimbo kuwa programu kamili. Hoja kuu ni kwamba kuyaendesha tu hakutoshi. Sharti kufeli kwake kuuzuie uundaji.

Haja ya majaribio

Tuchukue programu ya Java inayotafuta wingi wa nomino. Mtungaji ameanza na kanuni mbili: ki- hugeuka vi-, na nomino nyingine huongezewa ma-. Kwa hivyo kitabu kinatoa vitabu, na chungwa linatoa machungwa. Baadaye anagundua kuwa chakula kinatoa "machakula". Anaongeza kanuni ya tatu kwamba ch- hugeuka vy-, na sasa anapata vyakula na vyumba. Anafurahi, asijue kuwa chungwa limegeuka "vyungwa". Kosa halikuzuka katika neno alilokuwa akilishughulikia, bali katika lile lililokuwa sahihi jana. Binadamu hachoki kuchunguza jambo jipya, ila huchoka kurudia la zamani. Kazi hiyo ya kurudia ndiyo inayofaa kuachiwa mashine.

Zana mbili

JUnit ilianzishwa na Kent Beck na Erich Gamma mwaka 1997 ili kuandika majaribio ya Java. Ant, ambayo jina lake kwa Kiingereza ni la mdudu chungu, ilibuniwa na James Duncan Davidson na kutolewa kama zana ya kujitegemea mwaka 2000. Hati ya Ant kwa kawaida huitwa build.xml. Ndani yake mna malengo, na kila lengo huweza kutegemea jingine. Katika mfano wetu malengo yanaweza kuwa matatu: "tafsiri" hutafsiri msimbo, "jaribu" huendesha majaribio, na "fungasha" hutengeneza faili ya kuwapelekea watumiaji. Lengo la "fungasha" likitegemea "jaribu", nalo "jaribu" likitegemea "tafsiri", hakuna awezaye kufungasha kwa njia hiyo bila majaribio kuendeshwa kwanza.

Mitego mitatu

Mtego wa kwanza ni wa maktaba. Ant ina kazi iitwayo junit, lakini maktaba ya JUnit yenyewe huletwa na mtungaji. Kabla ya toleo la 1.7 la mwaka 2006, ilibidi maktaba hiyo iwe mahali ambapo Ant huipata inapoanza. Tangu toleo hilo, njia ya kuifikia yaweza kutajwa ndani ya hati yenyewe. Kosa hili halina hila, kwani uundaji hukwama papo hapo.

Mtego wa pili ndio hatari zaidi. Kazi ya junit ina sifa iitwayo haltonfailure, ambayo isipotajwa huwa imezimwa. Katika hali hiyo jaribio la "chungwa" likifeli, Ant huandika kuwa limefeli, kisha huendelea na kufungasha, na mwishoni hutangaza kuwa uundaji umefaulu. Anayesoma mstari wa mwisho pekee hudanganyika. Kazi ya junitlauncher, iliyoongezwa katika toleo la 1.10.3 kwa ajili ya JUnit 5, nayo ina desturi iyo hiyo.

Sifa hiyo ikiwashwa, uundaji husimama jaribio linapofeli. Hata hivyo, husimama kabla ya majaribio yaliyosalia na kabla ya ripoti. Njia bora ni kutumia failureproperty, ambayo huweka alama ya kufeli. Majaribio yote yaendeshwe, ripoti iandikwe kwa junitreport, kisha kazi ya fail iusimamishe uundaji endapo alama hiyo ipo.

Mtego wa tatu ni ukimya. Majaribio yanapochaguliwa kwa ruwaza ya majina ya faili na ruwaza hiyo ikakosewa, hakuna jaribio linaloendeshwa, na uundaji hufaulu vilevile.

Hitimisho

Imedhihirika kuwa hati ya uundaji haina busara ya kujua lipi ni kosa kubwa, hutii ilichoandikiwa. Kwa hivyo mtungaji aifanyie mtihani hati yenyewe: aliharibu jibu moja kusudi, adai wingi wa chungwa ni "vyungwa", kisha aiendeshe. Uundaji ukikataa, majaribio yanalinda kazi yake. Ukikubali, ufa upo, na wahenga walishaonya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.